Kabla Hujashika Usukani Jumatatu

Idrisa mwanangu,

Mambo ya sweta, dawa za mafua na dagaa waliofungwa mara tatu ili wasinuke begini, mama yako ameshayamaliza, na mimi siwezi kuingilia idara yake. Mimi nimebaki na jambo moja tu, lile uliloniuliza leo mchana tukiwa tunakula. Ulikuwa unachambua mifupa ya samaki, hukuniangalia usoni, ukasema: "Baba, kampuni ya bima wameshatuma ile hati. Lakini serikali ya kule Marekani haijajibu kama leseni yangu imerudi. Jumatatu alfajiri natakiwa hospitali kuanza mazoezi. Niendeshe, nisiendeshe?"

Nikafungua mdomo. Mama yako akanitazama. Nikaufunga. Nikasema nashuka kuangalia tairi, nikaondoka mezani, na tangu wakati huo niko huku chini, nimekaa ndani ya gari upande wenye kivuli wa jengo letu, injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, nakuandikia kwenye karatasi za kazini. Tairi halina tatizo lolote. Wewe unajua hivyo, mama yako anajua, na mlinzi wa jengo ameshanipita akacheka peke yake.

Nimeona niandike kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaanza kufundisha. Unanijua. Kazi yangu imeniharibu kidogo. Madereva vijana wakishuka kutoka Tanga, Mombasa na Kampala, mimi ndiye ninayewapokea pale hotelini West Bay, nawakalisha kwenye chumba kisicho na dirisha na kuwaeleza barabara za Doha zikoje. Somo la kwanza siku zote ni lile lile: mkigongana kidogo na hakuna aliyeumia, toeni magari barabarani. Pigeni picha, sogeeni, tafuteni paking, mengine yatafuata. Nalirudia mpaka wanachoka. Otieno, msaidizi wangu, yule Mkenya anayekuita daktari, nasikia huwa anaiga sauti yangu nikiwa sipo na vijana wanacheka mpaka machozi.

Somo hilo sikuzaliwa nalo, na sijawahi kukusimulia nililipataje.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla mama yako na wewe hamjaja, nilikuwa naendesha basi dogo la wafanyakazi. Asubuhi moja gari moja likanigusa kwa nyuma, karibu na zile hoteli kubwa. Mkwaruzo tu. Sasa mimi nilikuwa nimetoka Muheza, na kwetu Muheza magari yakigongana hayaguswi. Yanabaki pale pale yalipo mpaka trafiki aje na futi yake, apime, achore mchoro wake. Anayesogeza gari ndiye mwenye kosa, maana anaficha kitu. Basi nikazima injini, nikashuka, nikasimama katikati ya barabara kulinda basi lisiguswe. Foleni ikaanza kuota nyuma yangu. Watu wakapiga honi. Mimi nikawa nawaonyesha kiganja, subirini, mambo yafuate sheria. Akaja mtu mmoja kwa pikipiki, amekasirika, ananipigia kelele niondoe gari: "Ya sadiq, yalla, shil sayara! Shil!" Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba hapana bwana, polisi kwanza. Akajipiga kifuani: "Ana polisi!" Yaani yeye ndiye polisi.

Kweli alikuwa polisi. Sikuwa nimeiangalia hata sare yake, macho yangu yote yalikuwa kwenye bampa. Nikaandikiwa faini ya kuziba njia, na bosi akanisema mbele ya wenzangu wote huku wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Tangu siku ile, kitu cha kutoa gari barabarani kilinikaa kichwani, na nikakihubiri kama mtu aliyekigundua yeye.

Sasa twende kwenye siku ile ya ajali yako. Najua hupendi kuizungumza. Lakini mimi huwa naizungumza kila siku, peke yangu, nikiwa naendesha.

Nilikuwa mbele ya hoteli, wageni wanaingia kwenye magari, simu ikaita.

"Baba, nimegonga."

"Umegonga mtu au gari?"

"Gari. Bampa ya nyuma, kidogo tu. Tulikuwa kwenye taa."

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana. Kuna mama ameshuka, ananipungia mkono."

"Mmeziba njia?"

"Ndiyo. Watu wanapiga honi."

"Sasa unasubiri nini? Washa taa za hazadi, toa gari. Tafuta paking ya karibu."

"Baba, huyu mama anasema..."

"Mwambie akufuate! Toa gari kwanza, Idrisa!"

Ukatoa gari. Na mimi nikakata simu nimeridhika. Nikamgeukia Otieno nikamwambia kijana amegusa gari la watu huko Marekani lakini nimeshamwelekeza. Nilijisifu, hilo ndilo neno lake. Nikaendelea kufungulia wageni milango.

Wewe ukakata kona, ukaingia kwenye paking ya duka, ukasimama kando ya gari lako na hazadi zinawaka, leseni mkononi, unamsubiri mama ambaye hakuja. Yeye alibaki pale pale kama sheria ya kwao inavyomtaka. Akaandika namba zako, akapiga simu polisi, akasema aliyemgonga amekimbia. Walipokukuta bado umesimama paking, hata hao polisi walishangaa, uliniambia. Mtu anayekimbia hawashi hazadi. Lakini kwa kitabu chao ulikuwa umeshaondoka kwenye ajali bila kuacha jina, na kuondoka ni kuondoka.

Ninachokifikiria sana, na kinaniumiza kuliko faini au kesi yenyewe, ni kwamba kama ningekuwa dereva mjinga wa Muheza, yule aliyesimama katikati ya barabara analinda bampa, ningekwambia usitikisike mpaka polisi aje. Na ungekuwa salama. Nilijua jibu sahihi kabla sijapanda ndege kuja huku. Nililitupa nikachukua la Doha, kisha nikakupa wewe ulitumie mahali ambapo si Doha. Wewe ulifanya kosa moja tu siku ile. Ulimtii baba yako.

Nilikuuliza baadaye, kesi ilipokwisha, kama uliwaambia kuwa mimi ndiye niliyekuamuru. Ukanijibu, "Hawakuuliza, Baba." Halafu ukabadilisha mazungumzo, ukauliza kama mvua imenyesha. Doha, mwezi ule, mvua! Mama yako alikuwa ananisikiliza, na simu ilipokatika alisema kwa sauti ya chini kwamba ulimweleza hukunitaja mahali popote, ulisema tu hukuijua sheria. Nilijisikia vibaya mno, Idrisa. Nilikwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Acha sasa nirudie hii habari ya hati kama ulivyonieleza, maana nikiandika ndipo naelewa. Leseni yako ilisimamishwa. Muda wa adhabu umekwisha, lakini hawairudishi hivi hivi. Wanataka kampuni ya bima ikusimamie, ipeleke hati yenyewe moja kwa moja serikalini kusema huyu kijana ana bima na sisi tunamjua. Kampuni yako ya kwanza ikakutoa. Nyingine hazikukutaka. Ukapata hiyo inayochukua watu wanaoitwa madereva wa hatari. Na hati yenyewe si ya siku moja, inakaa miaka. Ukichelewa kulipa bima hata kidogo, kampuni ile ile iliyokudhamini inageuka na kuwaarifu kwamba huna bima tena, na leseni inakufa upya.

Dereva wa hatari. Wewe, ambaye ulikuwa unasimamisha gari hapa Mansoura ili paka avuke, na paka mwenyewe hana haraka, na nyuma yako watu wanatukana kwa lugha zote za Asia. Nilipolisikia jina hilo nilitaka kugombana na mtu, ila sikujua nani.

Mimi bima niliijua ya hapa. Mwaka ukifika unapeleka gari ukaguzi, unakata bima, unapata istimara, ile kadi ya gari, unaitia kwenye pochi, unasahau mpaka mwaka mwingine. Bima ni ya gari. Haikuulizi wewe ni mtu wa namna gani. Nilidhani dunia yote iko hivyo, ndiyo maana mwanzoni mwa likizo hii nikafanya kile nilichofanya. Tulikuwa hapa hapa chini, tunatoa mabegi yako, nikakwambia: "Gari lako limelala kule, huliendeshi, hata leseni huna. Simamisha hiyo bima mpaka utakaporudi. Unalipia gari lililolala?"

Ukaweka begi chini. Ukasema, "Baba, hapana."

Tu. Hapana. Hujawahi kuniambia neno hilo tangu ulipokuwa mtoto unakataa bamia. Ukanieleza taratibu kwamba ungesimamisha bima, wangearifiwa, na kila kitu ulichokipanga kingeanguka. "Huko haiko hivyo, Baba. Khalas, usiwaze." Ukabeba begi, ukapanda ngazi. Mimi nikabaki nimeshika mlango wa gari. Kwanza niliumia, siwezi kukuficha. Nilijiona mtu aliyeambiwa akae pembeni kwenye kazi yake mwenyewe. Ilinichukua mpaka siku ya pili kuelewa kuwa nilikuwa karibu kukuua mara ya pili, kwa moyo safi na sauti ile ile. Na kwamba safari hii uliniokoa wewe.

Tangu siku hiyo hukuniuliza kitu tena. Umekaa likizo nzima, tumekula, tumekwenda kuswali Ijumaa pamoja, umenisaidia kubadilisha betri, lakini habari za leseni ulikuwa unazipeleka kwa mama yako jikoni, naye ananiletea mimi. Nilikuwa nawasikia mkiongea, nikiingia mnahamia kwenye habari za vitunguu. Sikukulaumu. Ila nilitamani sana uniulize kitu, chochote, hata njia ya kwenda dukani.

Naona nimefika kwenye jambo ambalo lazima nikwambie leo kabla hujapanda ndege, na nimelizunguka vya kutosha.

Nilipiga simu kwa wale watu wa bima.

Mara ya kwanza nilipiga kama mimi. Nilisema ni baba mzazi, napiga kutoka Qatar, naulizia hati ya mwanangu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniuliza kama mimi ndiye mwenye bima. Nikasema hapana, mimi ni baba yake. Akasema pole, anaweza kuzungumza na mwenye bima tu. Nikamwambia mwenye bima mimi ndiye niliyemzaa, nikamlea, nikamfundisha kuendesha. Akasema anaelewa, hata yeye ana watoto, lakini hawezi. Hapa ningekwenda mwenyewe. Ningevaa shati zuri, ningeingia ofisini, ningesimama dirishani na karatasi zangu, kama hili dirisha halinisikii nahamia lile, mwisho anatokea mtu niliyewahi kumpeleka uwanja wa ndege au anayemjua bosi wangu, jambo linasogea. Kule hakuna dirisha. Kuna dada mwenye adabu na muziki wa kusubiria.

Nilimsimulia Otieno. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mzae, wacha nikushow ukweli," akasema. "Majuu hakuna hii maneno ya kujuana. Ukizidi kuwapigia, wanaandika tu kwa file. Daktari ni mtu mzima, wacha apigane na hiyo kitu yake." Nikamwambia hana mtoto wa umri huo. Akasema, "Ni ukweli sina. Lakini niko na baba, na ye pia hakuwa ananipigia wadosi wangu wa kazi."

Sikumsikia. Juzi mama yako alipokuwa kazini na wewe umetoka na wenzako, nikapiga tena. Safari hii nilisema mimi ni Idrisa.

Cheka tu. Nililainisha sauti, nikaongea kwa pua kidogo kama unavyoongea Kiingereza chako. Dada mwingine akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Hiyo naijua kuliko yangu, nikaitaja bila kusita. Akauliza jina kamili, nikalisema. Nikaona mambo yanakwenda. Kisha akauliza, ili kuhakikisha tu, gari lililo kwenye bima ni aina gani na rangi gani.

Nikamwomba arudie swali.

Mwanangu, mimi natambua gari kwa mlio kabla halijakata kona. Lakini gari lako silijui. Tangu ulinunue nimeliona kwa ndani tu, kwenye simu: kipande cha dari, mkanda begani mwako, na uso wako umechoka baada ya zamu. Hukuwahi kuligeuzia kamera na mimi sikuwahi kukuomba. Siku zote nilikuwa nauliza umekula, umelala, oili umebadilisha lini. Sikuwahi kuuliza ni la rangi gani.

Nikasema jeupe. Huku karibu kila gari ni jeupe.

Akasema, "Asante, bwana. Tunaomba mwenye bima apige mwenyewe." Akaniambia ataweka kumbukumbu kuwa kuna mtu amepiga. Kisha akanitakia siku njema, na nadhani alimaanisha.

Sijui kumbukumbu hiyo inafanya nini. Labda haifanyi kitu. Labda ndiyo inayochelewesha jibu lako. Nimekaa nayo tangu juzi, nakuona unafungua kompyuta yako asubuhi kuangalia kama serikali imejibu, unaifunga, na mimi nakunywa chai mbele yako kama mtu asiyejua lolote. Nisamehe. Wapigie leo, uwaeleze kuwa yule alikuwa baba yako na kwamba hana nia mbaya, ana wasiwasi tu na muda mwingi. Ukiona aibu kuwaambia hivyo, waambie vyovyote vile, lakini wapigie wewe.

Nimesimamisha kalamu kidogo. Adhana ya Alasiri imepita na sijapanda. Mama yako ametoa kichwa dirishani, amenitazama, amerudi ndani bila kuniita. Ana huruma ya namna hiyo, ya kumwacha mtu.

Unakumbuka Al Thumama ilivyokuwa kabla nyumba hazijajaa? Nilikuwa nakupeleka kule Ijumaa asubuhi, barabara mpya hazina mtu, ndege zinashuka juu ya vichwa vyetu, na wewe unataka kuziangalia badala ya kuangalia mbele. Ulikuwa umeshaanza shule ya udereva, nikasema wale watakufundisha kufaulu, mimi nitakufundisha kufika. Nilikwambia usimtazame dereva mwenzako usoni, uso unadanganya, tazama tairi lake la mbele, ndilo linalosema anakwenda wapi kabla hajawasha taa. Ulielewa mara moja. Kwenye mzunguko wa kwanza ulinipita mimi mwenyewe kwa utulivu. Sikukwambia siku ile kwa sababu niliogopa utavimba kichwa, nakwambia leo: wewe si dereva wa hatari hata kidogo. Katika vijana wote niliowahi kukaa nao kiti cha pembeni, na ni wengi, wewe ndiye uliyenifanya nisahau kukanyaga breki ambayo haipo.

Hilo la tairi bado ni kweli, nadhani. Hata Marekani tairi linakwenda linakoelekea. Lakini sasa nikianza kuhesabu yale niliyokufundisha, sijui yapi yanavuka bahari na yapi yanabaki hapa. Zamani nilidhani ninakupa vitu vizima. Sasa naona nilikupa vitu vya Doha, na vingine vya Muheza, vimechanganyika, na hakuna aliyeviwekea alama. Itabidi uvichague mwenyewe. Ninachojua ni kwamba siku uliponiambia hapana, ulichagua vizuri. Endelea kunikatalia. Nitanuna kidogo, mama yako atanichekesha, nitapona.

Sasa swali lako.

Nimelitazama kila upande. Ukiendesha Jumatatu na leseni haijarudi, wakikusimamisha, utakuwa umeendesha ukiwa umezuiwa, na safari hii hakuna atakayeamini kuwa hukujua. Chuo watasikia. Nafasi ya mazoezi itakwenda, na labda chuo chenyewe, na ukikosa chuo unajua viza yako imeshikiliwa na nini. Usipoendesha, hospitali iko nje ya mji, basi halifiki, teksi hakuna saa hizo, yule rafiki yako anayekuchukua uwanja wa ndege yuko zamu ya usiku na hawezi kukupeleka alfajiri, na umesema wazi kwamba asiyefika siku ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine. Unasubiri mwaka. Huo nao ni ubaya, sitaki kukuambia ni mdogo kwa sababu si mimi nitakayeubeba.

Akili yangu ya kwanza, ile iliyotaka kutoka mdomoni mchana, ilikuwa hii: hati imeshatumwa, imo kwenye sistimu, endesha. Mama yako aliiona inakuja. Ni akili ya hapa. Ni sauti ile ile iliyosema toa gari.

Kwa hiyo jibu langu, mwanangu, ni kwamba sijui. Nimekaa kwenye usukani tangu kabla hujazaliwa na sijui kama wewe uendeshe Jumatatu. Nimejaribu kulipata neno lingine lenye heshima zaidi, nimekosa. Waulize wale wanaotoa leseni, wao wenyewe, si rafiki, si mtandao, si mimi. Wakikwambia leseni imerudi, endesha. Wasipokwambia, funguo ziache mezani, hata kama nafasi itapotea. Waeleze hospitali ukweli kabla ya Jumatatu, na kama watakupa nafasi au hawatakupa, sina la kufanya. Ningependa kuwa na la kufanya. Ningetoa hata macho haya ninayoendeshea.

Na jambo la mwisho, ambalo limenichukua mchana mzima kulikubali. Ukigonga tena, ukigongwa, ukisimamishwa, ukipotea, usinipigie mimi kwanza. Nikipokea simu na wewe una hofu, nitakupa amri, siwezi kujizuia, na wewe una tabia ya kunitii. Wapigie wa huko huko. Ukimaliza na wao, hata kama ni usiku kwetu, ndipo unipigie. Nitapokea. Nitasikiliza tu. Nikianza kufundisha, nikatie simu, sitakasirika.

Kesho nimeomba ruhusa kazini nikupeleke mwenyewe uwanja wa ndege. Njia ile naijua, najua kamera zilipo na mstari unaokwenda polepole. Wewe kaa tu kiti cha mbele, hata usipozungumza na mimi ni sawa. Nitakufikisha mpaka mlango wa wanaosafiri, nitakushushia mabegi, na kuanzia pale, Idrisa, sijui njia.

Baba yako,
Salehe